Aliijua "igloo", ndoo hakuijua

Chati ya herufi niliyonunua kwa machinga Kariakoo ilikaa ukutani miezi minne. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, aliikariri yote: "apple", "igloo", "xylophone". Siku moja tunafua uani, nikamwuliza ndoo kwa Kiingereza inaitwaje. Kimya. Na ufagio? Kimya. Mtoto wa Dar anaijua nyumba ya barafu, ndoo anayobeba kila siku haijui!

Chati nikaiacha iwe pambo, masomo yakahamia jikoni. Maneno matatu tu kwa wiki, na lazima kitu chenyewe akishike. "Bring me the spoon," naye analeta. Akileta mwiko tunacheka, anarudi tena.

Kutafsiri nilikuacha baada ya kuumbuka kwenye wali. Alikuwa anajua mchele ni "rice". Tunapakua, akauliza, na wali je? "Rice." Na mpunga wa bibi kule Kyela? "Rice" pia. Akanikazia macho kama ninayemlaghai.

"Mama, kwani Waingereza hawapiki?"

Sikuwa na jibu. Mkono nao ni hivyo hivyo, ila kinyume chake: sisi tunauita mkono toka begani mpaka vidoleni, wao wameukata kwenye kifundo, juu "arm", chini "hand". Na kidole cha mguu kina jina lake, "toe". Haya tunayasoma bafuni, nikimsugua. Naligusa bega, nateremka, nalitaja neno, basi.

Akisema "sipuni" au "buku" simkatizi. Lugha yetu imemzoesha kumalizia neno kwa irabu, si uzembe wake. Mimi namjibu tu, "Yes, the spoon is wet," na sikio lake linafanya kazi iliyobaki. Kuandika nako msikuharakishe, wazazi wenzangu. Kiswahili tunakisoma kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akiliona "knife" kabla hajalisikia atasoma "kinife", na kumwondolea hiyo ni kazi kuliko kumfundisha upya. Nimejaribu.

Saa ndiyo sijaigusa. Kumwambia saa moja asubuhi kwao ni "seven o'clock", baada ya yale ya wali? Nangoja kwanza asahau.