Kabla Hujanunua Plagini, Fungua Kwanza Ulizonazo

Mwaka juzi mama mmoja wa kwaya alinipigia simu. Wimbo wake nilikuwa nimeurekodi zaidi ya mwaka mmoja nyuma, katika chumba changu cha kupanga hapa Temeke, na sasa alitaka neno moja tu libadilishwe kwenye ubeti wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni neno moja tu, dakika tano hazifiki."

Alipokuja Jumamosi nikafungua kazi yake. Ikafunguka, lakini sauti yake ikatoka kavu, nyembamba, na kila "s" inachoma masikio. Plagini tatu, yaani vijiprogramu vya kurekebisha sauti, nilizopanga kwenye treki yake zilikuwa za majaribio, muda wake ulishakwisha zamani. Ya nne nilipewa na rafiki kwenye flashi, ya kreki, yaani ya kulipia iliyovunjwa leseni, nayo ilipotea nilipobadilisha laptopu. Kwenye orodha yamebaki majina tu. Ngoma, kinanda na sauti za waitikiaji vilikuwa vizima kama nilivyoviacha, kwa sababu huko nilitumia plagini za Reaper yenyewe, programu ninayorekodia. Lile neno moja lilichukua siku nzima, na ile sauti ya mwanzo sikuipata tena. Mama hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue plagini gani, namuuliza kwanza: zile zilizokuja na programu yako umezifungua zote? Wengi hawajazifungua. Wameweka programu leo, kesho yake wameshaanza kutafuta za nje, kwa sababu wameona prodyuza fulani kwenye video anazitumia.

Sababu ya kuzidharau za ndani naijua, maana nami nilikuwa hivyo. Ni sura. Ukifungua ReaEQ, ikualaiza ya Reaper ya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba, unaona mstari na vidoti, kama grafu ya hesabu ya kidato cha pili. Ukifungua ya kununua unakuta picha ya mtambo wa chuma, vitufe vya kuzungusha, sindano inacheza, taa inawaka. Jicho likishapenda, sikio linafuata.

Kuna na jambo la pili ambalo ni gumu zaidi kuligundua: nyingi hupandisha sauti kidogo pindi unapoziwasha. Sikio la binadamu likisikia sauti imepanda, hata kwa desibeli moja au mbili, linasema "hii ni nzuri zaidi". Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu, shusha sauti inayotoka kwenye plagini mpaka iwashwe au izimwe sauti ibaki na nguvu ileile. Kuna plagini niliyokuwa naisifia miezi mingi. Nilipoifanyia hivyo, sikuweza kusema imewashwa au imezimwa.

Kwa ikualaiza kuna jaribio lingine ambalo kila mwenye studio ya nyumbani angelifanya japo mara moja. Chukua treki ya sauti, irudufu ziwe mbili zinazofanana. Ya kwanza weka ReaEQ, ongeza desibeli 3 kwenye hezi 3000. Ya pili weka ikualaiza ya kununua, hata kama ni ya majaribio, kwa mpangilio huohuo. Angalia upana: ReaEQ huupima kwa oktava, nyingine hutumia kipimo kiitwacho Q, na oktava 1 ni sawa na Q ya 1.4 hivi. Kisha geuza fezi ya treki moja, yaani mawimbi yake yapinduke juu chini, cheza zote mbili pamoja. Zikiwa zinafanya kazi ileile, zitamezana na utasikia kimya. Mimi nilipofanya nilibaki na mnong'ono mdogo tu huko juu kabisa, ambao ndani ya wimbo haupo. Ikualaiza ya kawaida ya kidijitali ni hesabu, na hesabu hiyo inajulikana miaka mingi. Unapolipia ya nje unalipia urahisi wa kuitumia, na pengine kazi za ziada. Hayo yana thamani yake, lakini ujue ndiyo unayoyanunua.

Sasa nieleze kitu ambacho kimeniokoa kuliko plagini yoyote ya dola mia. Dar ukifunga dirisha na mlango ili urekodi, utaloa jasho ndani ya dakika kumi, na mwimbaji akiloa jasho haimbi. Feni lazima iwake. Reaper inakuja na ReaFIR, ambayo watu wengi wanaipita kwa sababu jina lake halisemi chochote. Fanya hivi. Kabla mwimbaji hajaanza, rekodi sekunde tano za chumba kitupu, feni inazunguka, watu wametulia. Baadaye weka ReaFIR kwenye treki hiyo, chagua Subtract, tia alama kwenye kisanduku cha kujenga sura ya kelele, cheza zile sekunde za feni peke yake, kisha ondoa alama. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaacha alama, plagini inaendelea kujifunza, mwimbaji anapoanza inamhesabu naye kuwa kelele na kumla. Ukiondoa alama kwa wakati, feni inazama na sauti inabaki. Usiizidishe tu, ikizidi sauti inakuwa kama inatoka ndani ya maji. Na usiiweke wakati wa kurekodi, maana inachelewesha sauti kwenye hedfoni.

Mvua kwenye bati haitolewi na ReaFIR wala na nyingine ya aina hiyo, kwa sababu inabadilika kila sekunde. Mvua ikinyesha, pumzikeni mnywe chai.

Nisiseme kana kwamba za ndani zinatosha kila mahali. Hazitoshi. Riveba ya Reaper, yaani plagini ya kuongeza mwangwi, iitwayo ReaVerbate, kwangu ina mlio wa bati, na kaswida bila riveba nzuri inapoteza ule mwangwi ambao msikilizaji anautarajia. ReaVerb ni nzuri zaidi lakini inataka uitafutie mafaili ya mwangwi wa kumbi. Kunyoosha noti pia: ReaTune inafanya kazi, ila ukiwa na mwimbaji anayeteleza sana kwenye sauti ndefu za taarabu, Melodyne, ambayo ni ya nje, iko mbali mbele, unashika noti mojamoja kwa mkono. Na zile "s" za kuchoma, ambazo Kiswahili kinazo tele, unaweza kuzibana kwa ReaXcomp, nyingine ya Reaper, kati ya hezi 5000 na 9000, lakini kuipanga kunataka uvumilivu.

Hali inategemea na programu yako. Mwenye Logic Pro ana kompresa moja, ya kusawazisha sauti inayopanda na kushuka, yenye mitindo saba ndani yake, ana Space Designer na ChromaVerb kwa riveba. Huyo sioni anakimbilia wapi. Mwenye FL Studio, ambayo ndiyo imejaa mitaani kwetu, ana ikualaiza ya Fruity Parametric EQ 2, na akishalipia leseni hupata matoleo mapya bure maisha yake yote. Reaper yenyewe unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Halafu kuna za nje za bure, za halali kabisa. TDR Nova ndiyo ninayobania "s" siku hizi, kwa sababu inashusha pale tu zinapojitokeza. Valhalla Supermassive kwa mwangwi mkubwa. Hizo mbili ziweke leo.

Kuhusu kreki nitasema wazi. Achana nazo. Sisemi kwa sababu ya haki ya waliozitengeneza tu, ingawa sisi wenyewe tunalia nyimbo zetu zikiibwa. Laptopu ile ya kwanza niliibadilisha kwa sababu ilijaa virusi, na nilipoteza rekodi za kikundi kizima cha kaswida ambazo sikuwa nimeziweka mahali pengine. Vijana wale walikuwa wamechangishana nauli kutoka Mbagala.

Hata za kulipia zina hatari yake. Machi 2023 Waves, kampuni ya plagini, walitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu, kila kitu kiwe cha kulipia kwa mwezi au mwaka, na watumiaji walipopiga kelele wakazirudisha ndani ya siku chache. Safari ile watumiaji walisikilizwa, safari nyingine huenda wasisikilizwe. Kwa hiyo plagini yoyote ya nje nikiitumia, kazi ikiisha natoa treki mbili: moja kavu, nyingine imeshapita kwenye plagini zote, zote mbili zikiwa mafaili ya sauti ya wav, na naziweka kwenye folda ya wimbo huo pamoja na kwenye diski ya nje. Mteja akirudi baada ya miaka mitano, sihitaji leseni ya mtu.

Mimi nimenunua moja tu mpaka sasa: ValhallaVintageVerb, dola 50, unalipa mara moja. Kabla ya kuinunua nilikaa karibu miezi sita naandika kwenye daftari, kila wimbo ukiisha, kitu gani kilinishinda. Neno "riveba" lilijirudia mara kumi na moja. Kompresa halikutokea hata mara moja, na kompresa ndiyo niliyokuwa nimepanga kununua. Pesa iliyobaki nilinunua magodoro mawili ya kuegesha nyuma ya mwimbaji yameze mwangwi wa chumba, na standi ya maiki isiyotetemeka. Yule mama wa kwaya alipokuja kurekodi wimbo wake wa pili, aliweka hedfoni, akaimba mstari mmoja, akanigeukia: "Leo umebadilisha maiki?" Maiki ilikuwa ileile.