Hata kama hamkufunga ndoa, matunzo ya mtoto yapo

Pole sana, dada. Umeuliza kama unaweza kumdai matunzo baba wa watoto wako wawili ilhali hamkufunga ndoa, na sasa ni mwezi wa nne hajatuma kitu. Unaweza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inaangalia uzazi, haiangalii cheti cha ndoa.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Atamwita huyo baba, mtakaa mezani. Mkikubaliana, hakikisha yanaandikwa na wote mnasaini. Ahadi ya mdomo ilimtesa mdogo wangu mwaka mzima. Baba akigoma, unafungua maombi Mahakama ya Watoto.

Nenda na vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba. Halafu chukua daftari uandike kila kitu: unga, sare, nauli, dawa, pamoja na risiti zake. Mdogo wangu alikuwa na la kurasa 96, limejaa madoa ya mafuta ya taa, na ndilo hakimu alilolisoma ukurasa kwa ukurasa. Meseji za M-Pesa za zamani usizifute. Mahakama hupima kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha pale watoto wanapoishi, na inaweza kuamuru mshahara wake ukatwe.

Huna hela ya wakili? TAWLA, yaani Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia bure wasio na uwezo.

Baba yao ameajiriwa au amejiajiri? Nijibu hapa.