Maswali ya Wasomaji: Nifundisheje asili ya ulimwengu bila kuwakaririsha wanafunzi?

SWALI: Mhariri, ninafundisha katika shule ya sekondari inayofadhiliwa na kanisa hapa Kaunti ya Vihiga. Kila nikifika kwenye mada ya asili ya ulimwengu, wanafunzi hukariri majina ya nadharia bila kujua zinabishania nini. Baadhi huandika kwamba ulimwengu ulitokana na nyota iliyopita karibu na Jua, na wengine huniuliza kama ninawataka waache kuamini Kitabu cha Mwanzo. Nifanyeje?
Mwalimu, Vihiga

JIBU: Mwalimu, nianze na hao wanaoandika habari za nyota iliyopita, kwa sababu kosa lao huyavuruga mengine yote. Nadharia ya nyota ipitayo na ile ya wingu la gesi na vumbi, ambazo vitabu vyetu vya Jiografia huzitaja pamoja, zinaeleza jinsi Jua na sayari zake zilivyopatikana, wala hazigusi chanzo cha ulimwengu mzima. Chora ubaoni mstari wa sentimita 138, kila sentimita ikiwa ni miaka milioni 100, ili mstari wote uwe miaka bilioni 13.8 inayokadiriwa kuwa umri wa ulimwengu. Jua, lenye umri wa miaka bilioni 4.6 hivi, litaanzia sentimita 46 kabla ya mwisho, na mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba theluthi mbili za historia zilikuwa zimekwisha kupita.

Baada ya hapo, fundisha nadharia kama mabishano halisi yaliyokuwa na watu ndani yake. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble, akifanya kazi huko California, alionyesha kwamba kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, inavyokuwa mbali nasi ndivyo inavyozidi kutukimbia kwa kasi. Jambo hili linaweza kupimwa darasani. Kata ukanda kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, utie alama za chaki kila baada ya sentimita 2, kisha wanafunzi wawili wauvute mpaka urefu wake uwe maradufu. Alama ya jirani itakuwa imesogea sentimita 2, ya pili 4, ya tatu 6. Na wakianza kupima kutoka alama nyingine yoyote watapata matokeo yale yale. Hapo watatambua kwamba kutanuka kwa ulimwengu hakuhitaji kitovu, na kwamba wanaoufikiria mwanzo wake kama mlipuko wa bomu mahali fulani angani wamepotoka.

Lakini kutanuka peke yake hakukumaliza ubishi, na hapa ndipo ningekusihi utumie muda mwingi zaidi. Mwanafizikia Georges Lemaître wa Ubelgiji alipendekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya msongamano mkubwa mno, wazo ambalo leo huitwa nadharia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang). Mwaka 1948 wanasayansi Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold wakajibu kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwa kuwa maada mpya huzaliwa polepole na kujaza nafasi galaksi zinapoachana. Pande zote mbili zilikubali vipimo vya Hubble. Ligawe darasa, kila upande utetee hoja yake kwa dhati, na usiwaambie mapema nani alishinda.

Kisha waeleze habari za wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson, waliokuwa wakitumia antena kubwa huko New Jersey mwaka 1964. Walisikia mnong'ono wa redio usiokwisha, mchana na usiku, kutoka kila upande wa anga. Walisafisha hata kinyesi cha njiwa ndani ya antena, na sauti ikabaki. Yalikuwa mawimbi ya joto lililosalia kutoka ulimwengu ulipokuwa mchanga na moto, ambalo sasa limepoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wametabiri masalio hayo tangu 1948, ilhali nadharia ya Hoyle haikuwa na maelezo mepesi ya kuyapokea.

Kuhusu Kitabu cha Mwanzo, usimkwepe anayeuliza. Mweleze kwamba Lemaître alikuwa padre Mkatoliki. Papa Pius XII alipoinasibisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951, Lemaître hakupendezwa, kwani alishikilia kwamba hoja yake ya fizikia haithibitishi wala haikanushi imani. Nadharia yenyewe inaeleza jinsi ulimwengu ulivyobadilika tangu ulipokuwa moto na wenye msongamano. Kwa nini kuna ulimwengu ni swali ambalo mwanafunzi ana haki ya kulipeleka kwenye somo la Dini na nyumbani kwao.

Mwishoni mwa mada, badala ya kuwaambia wataje nadharia mbili, waulize hivi: ni ushahidi gani ambao pande zote mbili ziliukubali, ni upi uliozitenganisha, na kwa nini?