Mtoto Akiuliza Kwa Nini Mtu Anakatazwa Kuteka Maji

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Dar es Salaam. Binti yake wa miaka tisa alikuwa anatazama tamthilia ya Kihindi, akaona msichana anafukuzwa kisimani na watu wazima, akauliza: "Mama, kwani amewakosea nini?" Mama akamjibu kwamba hizo ni mila za kwao. Mtoto hakuridhika, na ana haki. Mila gani hiyo? Aliyeiweka ni nani? Na yule msichana akirudi nyumbani anakunywa nini?

Hilo swali la mwisho ndilo la kuanzia. Wazazi wengi, na walimu vilevile, huanzia juu kabisa: dini ya Kihindu, maandiko ya kale, makundi manne yenye majina magumu. Mtoto wa miaka tisa keshapotea kabla hujafika kundi la pili. Anzia kwenye maji. Kiu kila mtoto anaijua, na ubaguzi wa jati, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake na hawezi kulihama, nchini India umeishi kwenye visima, mabomba na vikombe kuliko mahali pengine popote.

Mpe habari ya mtoto wa rika lake. Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar wa magharibi mwa India, jamii ambayo majirani zao waliihesabu kuwa ya watu wasioguswa, yaani ambao kuwagusa kulidhaniwa ni kujinajisi. Baba yake alitumikia jeshi la Waingereza, alijua kusoma, akahakikisha wanawe wanasoma. Darasani Bhimrao alikaa peke yake, juu ya kipande cha gunia. Gunia lile alilibeba kurudi nalo nyumbani kila jioni, kwa sababu mtumishi wa usafi wa shule hakukubali kuligusa. Wenzake wakiona kiu walikwenda bombani wakanywa. Yeye hakuruhusiwa kulishika bomba. Ilibidi tarishi wa shule aje amfungulie. Siku tarishi hayupo, Bhimrao alishinda na kiu.

Kisha mweleze safari yake ya mwaka 1901 hivi, alipokuwa na miaka ipatayo tisa. Yeye na ndugu zake walipanda treni kumfuata baba yao, aliyekuwa akifanya kazi Koregaon. Walikuwa wamevalishwa kama watoto wa sikukuu: mashati mapya, viatu vipya, kofia zenye mapambo. Waliposhuka, baba hakuwepo, kwani barua yao haikumfikia. Stesheni masta akawaonea huruma, akadhani ni watoto wa Kibrahmin, kundi la juu kabisa. Akawauliza wao ni nani. Wakasema: Wamahar. Uso ukambadilika papo hapo, akawaacha wamesimama pale pale. Wenye magari ya ng'ombe nao wakakataa kuwapakia, hata kwa nauli mara mbili. Mwishowe mmoja akakubali nauli hiyo maradufu, kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe na yeye atembee kando ya gari. Chakula walikuwa nacho kapuni, maji hawakuwa nayo, na njia nzima hakuna aliyewapa. Usiku walifika kwenye kibanda cha mtoza ushuru wa barabara, wakajaribu kusema kwamba wao ni Waislamu. Hata yeye akawanyima. Walilala na njaa, chakula kikiwa mbele yao, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukimeza bila maji.

Nyamaza hapo. Usieleze chochote. Muulize mtoto swali moja tu: "Walikuwa maskini?"

Atafikiri, kisha atasema hapana. Walikuwa na viatu vipya na pesa ya kulipa mara mbili. Hapo ndipo fundo la somo zima lilipo, na wazazi wengi wanaliruka. Wanamwambia mtoto kwamba jati ni "matajiri na maskini," halafu mtoto anabaki na picha isiyo sahihi maisha yake yote. Tofauti ya kipato tunayo hapa kwetu na ni chungu. Lakini mtoto wa muuza mchicha akisoma akawa daktari, watu watamkaribisha sebuleni na kugombea kukaa naye. Kufika huko ni kazi kubwa na wengi hawafiki, ila aliyefika amefika. Ambedkar alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na London, akarudi mwaka 1917 kufanya kazi katika utawala wa Baroda, dola ya kifalme magharibi mwa India. Matarishi walimrushia mafaili mezani kwa mbali ili wasimguse. Pa kulala alipakosa mji mzima, na nyumba ya wageni aliyojipenyeza kwa jina la kuazima alifukuzwa baada ya kugundulika. Kwa hiyo mpe mtoto kipimo hiki ambacho hata wa miaka saba anaweza kukitumia: mtu huyu akipata pesa na elimu, je, wataacha kumtenga? Jibu likiwa ndiyo, tunazungumzia umaskini. Likiwa hapana, tunazungumzia kitu alichozaliwa nacho.

Kwa watoto wa miaka sita na saba, ishia hapo. Dakika kumi zinatosha. Ukiendelea watakumbuka vitisho tu.

Wa miaka minane hadi kumi wape karatasi na kalamu za rangi, wachore kijiji. Katikati kuna kisima, hekalu, duka, barabara kuu na nyumba za wenye mashamba. Pembeni kabisa, kwa kuacha nafasi iliyo wazi, kuna nyumba za waliotengwa. Katika jimbo la Maharashtra huitwa Maharwada, katika jimbo la Tamil Nadu huitwa cheri. Mwambie mtoto apitishe kidole kutoka nyumba ya pembeni hadi kwenye maji bila kugusa barabara kuu. Atahangaika. Kisha muulize mambo matano, moja baada ya jingine, kwa kila nyumba aliyoichora: wanateka maji wapi, nani anakula chakula walichopika, wanafanya kazi gani, wanaishi upande gani, wanaoana na nani.

Kaeni sana kwenye hilo la ndoa, maana ndilo kufuli. Mambo mengine manne yanaweza kulegea mjini: kwenye basi la Mumbai hakuna anayejua aliyeketi karibu naye ni jati gani. Lakini mtu akioa ndani ya jati yake, na mtoto wake vivyo hivyo, na mjukuu, mpaka unabaki palepale hata pasipo na mtu wa kuulinda. Katika utafiti mkubwa wa kaya za India wa 2011 na 2012, ni ndoa kama 5 tu katika 100 zilizokuwa za watu wa jati tofauti. Mtoto wa miaka kumi anaielewa hesabu hiyo vizuri sana ukimchorea vijiti mia na kupaka rangi vitano.

Majina ya makundi yaje baadaye, kuanzia miaka kumi na moja. Chora ngazi ya vidato vinne: Brahmin (makuhani na wasomi), Kshatriya (watawala na askari), Vaishya (wafanyabiashara na wakulima), Shudra (watumishi na wafanyakazi wa mikono). Chini ya ngazi, kwenye udongo, weka wale waliohesabiwa kuwa hawamo kabisa. Wengi wao leo hujiita Dalit, na ndilo jina la kumfundisha mtoto. "Wasioguswa" ni jina walilopewa na waliowatenga. Mweleze pia kwamba ndani ya kila kidato kuna jati nyingi, kwa maelfu ukijumlisha, na kwamba maishani watu hutambuana kwa jati zaidi kuliko kwa hivyo vidato vinne. Akiuliza ngazi ilitoka wapi, mwambie kuna utenzi wa kale sana katika Rigveda, kitabu kitakatifu cha Wahindu, unaosema makundi manne yalitoka katika mwili wa mtu wa kwanza: mdomo, mikono, mapaja, miguu. Halafu muulize: na Dalit walitoka wapi? Hawatajwi. Mwache akae na jambo hilo.

Swali gumu kuliko yote huja baada ya ngazi: "Mbona walio chini hawakuungana, na ni wengi?" Ambedkar mwenyewe alilishughulikia kwa miaka. Kila kidato kina mtu wa kumdharau chini yake, hata miongoni mwa Dalit zimo jati zinazojiona bora kuliko nyingine. Anayeonewa na wa juu anaogopa kupoteza heshima ndogo aliyonayo juu ya wa chini. Mtoto aliyewahi kudhulumiwa na wakubwa shuleni kisha akamwonea mdogo wake atakuelewa bila mfano wa ziada.

Na bado Dalit walikataa kutengwa. Hapa tafadhali usiharakishe, kwa sababu mtoto asiposikia habari ya waliokataa ataondoka akidhani Dalit ni watu wa kuhurumiwa tu. Mji wa Mahad, magharibi mwa India, ulikuwa na bwawa la umma. Halmashauri ya mji ilikuwa imetangaza mwaka 1924 kwamba bwawa ni la wote. Tangazo likabaki karatasini. Waislamu walichota, Wakristo walichota, hata mifugo ilikunywa, Dalit hawakuthubutu. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliwaongoza maelfu kwa miguu hadi bwawani, akainama, akachota kwa mkono, akanywa. Nao wakanywa. Baada ya saa chache watu wenye hasira waliwavamia na kuwapiga. Kisha wakubwa wa mji wakalitakasa bwawa kwa kumwagia vyungu vya kinyesi na mkojo wa ng'ombe, maziwa na mtindi. Kesi ilikwenda mahakamani na kuisha mwaka 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ikawapa Dalit haki ya maji yale. Miaka kumi, kwa kiganja kimoja cha maji.

"Sasa imekwisha?" Usiseme ndiyo. Katiba ya India, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na Ambedkar huyohuyo, ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na ibara ya 17 inafuta utengaji huo. Mwaka 1997 K. R. Narayanan, Dalit kutoka jimbo la Kerala, akawa rais wa nchi. Hayo ni ya kweli na mtoto ayajue. Ayajue pia haya: katika utafiti ule wa 2011 na 2012, kaya kama 27 katika kila 100 zilikiri zenyewe kwamba zinawatenga watu. Kuzoa kinyesi kwa mikono kulipigwa marufuku kisheria mwaka 1993, na sheria ya 2013 ikakataza pia kumshusha mtu kwenye chemba za maji taka kusafisha kwa mikono bila vifaa vya kumkinga, na wanaokufa humo mpaka leo wengi wao ni Dalit. Akisikia kwamba serikali kuu imewatengea jati zilizokuwa zikitengwa asilimia 15 ya nafasi za kazi na vyuo, atasema ni upendeleo. Mrudishe kwenye gunia na bomba, kisha muulize nani alipendelewa kwanza na kwa muda gani.

Kuna njia mbili za kufundishia ambazo nakusihi uziache. Ya kwanza ni mchezo wa kuwagawa watoto, hawa wapate pipi na hawa wanyimwe, "ili waonje." Mwalimu Jane Elliott alifanya hivyo kwa rangi ya macho huko Iowa, Marekani, mwaka 1968, na umaarufu wake umewafanya wazazi waige sebuleni. Anayependelewa huufurahia upendeleo haraka sana, na aliyenyimwa hamsamehi ndugu yake kwa jambo ambalo wewe ndiye uliyelipanga. Hadithi na mchoro hufanya kazi ileile bila jeraha.

Ya pili ni kumwachia mtoto hitimisho kwamba Wahindi ni watu wabaya. Ambedkar ni Mhindi. Savitribai Phule, aliyefundisha wasichana Pune kuanzia mwaka 1848 huku akirushiwa matope na kinyesi njiani, ni Mhindi. Na mwenzake wa darasani mwenye asili ya India, Dar au Mombasa, huenda hata si wa dini ya Kihindu, bali ni Ismailia, Bohora, Singasinga, Mjaini au Mkristo wa Goa. Mkataze kabisa kumuuliza mwenzake "wewe ni jati gani?" Swali hilo India huulizwa kwa kuzungushazungusha, kwa kutafuta jina la ukoo au kijiji cha baba, na anayeulizwa hujua mara moja kinachotafutwa.

Mwisho, nyumbani kwako. Katika vibanda vya chai vya vijiji vingi vya kusini mwa India ziliwekwa gilasi za aina mbili, moja kwa wote na nyingine kwa Dalit, ambaye aliosha ya kwake mwenyewe. Ukimweleza mtoto hilo, macho yake yataelekea jikoni, kwenye kikombe cha bati na sahani ya plastiki ya dada wa kazi, vilivyowekwa peke yake chini ya sinki. Atauliza. Usimjibu kwamba ni usafi, kwa sababu usafi ndilo neno lilelile lililotumika Mahad, na dada huyo ndiye anayewapikia na kumwogesha mdogo wake. Dada si Dalit, na akipata mtaji akafungua duka kesho hakuna atakayemtenga. Mwambie mtoto tofauti hiyo. Kisha vikombe viwekwe kabati moja, dada aketi mezani kama anataka, na aulizwe kwanza, maana wengine hupenda kula kwa nafasi yao. Fanya hayo siku chache kabla ya kuanza mazungumzo ya jati. Ukianza na India huku kikombe kiko chini ya sinki, mtoto hatakusikiliza.