Uso wa Yesu wa Mellan: ya kale au nakala?
Salama mkuu. Umeuliza kama picha yako ya uso wa Yesu, ile ya mchongaji Mfaransa Claude Mellan, ilichapwa kwa bamba la shaba au ni nakala ya mashine. Usianze na mwaka 1649 ulioandikwa chini. Hata nakala ya jana inao.

Chukua lenzi, hata ile ya mafundi saa, uangalie ncha ya pua. Mellan alichonga picha nzima kwa mstari mmoja unaoanzia hapo na kuzunguka kama dawa ya mbu ya kuwasha. Kivuli chote ni mstari kunenepa na kukonda tu. Jamaa alikuwa na mkono! Ukiona mstari umevunjika kuwa vinukta vidogo, hiyo ni ofseti, yaani uchapaji wa mashine wa kisasa, usihangaike zaidi.

Mstari ukiwa mzima, mulika karatasi kwa nyuma. Karatasi ya enzi hizo ina mistari iliyoachwa na waya za kutengenezea karatasi. Isiyo na mistari ilianza karne ya 18, kwa hiyo si ya wakati wa Mellan. Mbonyeo ulioachwa na bamba pembeni usikudanganye, nakala nzuri nazo huwa nao. Umri wake siwezi kuukadiria kwa picha ya simu. Kama imegundishwa kwenye fremu, usiibandue mwenyewe.