Kwa nini "au marché" lakini "à la gare"?

Umeuliza kwa nini Kifaransa kinasema "je vais au marché" (naenda sokoni) lakini "je vais à la gare" (naenda stesheni), ilhali kote ni kwenda mahali. Tofauti inatokana na kibainishi kinachofuata, yaani neno dogo linalotangulia nomino (le, la, l', les): ni le marché lakini la gare. Katika Kifaransa cha leo vihusishi à (kwenye, kwa) na de (ya, kutoka) huungana na le na les tu: à + le huwa au, à + les huwa aux, de + le huwa du, de + les huwa des. La na l' haziguswi, ndiyo maana "à l'hôtel" hubaki hivyo ingawa hôtel ni nomino ya kiume. Na muungano huu si wa hiari: "je parle de le film" (nazungumzia filamu) ni kosa hata katika mazungumzo ya kawaida.

Sasa zingatia sana hapa, maana ndipo wengi hukwama. Le na les zinaweza pia kuwa viwakilishi vinavyotangulia kitenzi, na hapo haziungani kabisa. "J'ai envie de le voir" (nina hamu ya kumwona) ni sahihi. "Du voir" haipo. Tazama neno linalofuata: likiwa kitenzi, usiunganishe. Likiwa nomino, hata yenye kivumishi mbele yake, unganisha: "du petit village" (ya kijiji kidogo).

Majina ya miji kama Le Havre hayaachwi nyuma: unakwenda "au Havre", unatoka "du Havre". Lequel (ambacho, ambayo) vilevile hutoa auquel na duquel, lakini laquelle, umbo lake la kike, hubaki "à laquelle".