Kina si pa kugongea toazi

Wadogo zetu mnaofanya mazoezi Sinza na Kinondoni, mnaotaka kulivika shairi jazi huru, ile isiyofungwa na mapigo wala mpangilio maalumu: makosa ni yaleyale kila mwaka, na masikio yetu yamechoka.

1. Hesabuni mizani (silabi) kabla ya kugusa ala. Mshororo wa shairi la kawaida una 16, yaani 8 na 8. Wa utenzi una 8. "Mtu" ni mizani mbili, "mbuzi" vilevile. Na "mbu"? Mbili, na mkazo uko kwenye m. Asiyejua hilo humeza mizani, mpiga besi akabaki kumsubiri.

2. Hapa ndipo tunapoumbuka wote. Mtunzi anasikia kina, ile silabi inayofanana mwishoni mwa mishororo, kinamnogea, anamkonyeza mpiga drams: toazi, ile sahani ya shaba, hapohapo! Ubeti wa kwanza unapendeza. Wa tatu unachekesha. Mkazo wa Kiswahili huwa silabi ya pili kutoka mwisho, na kina cha mwisho kiko silabi ya mwisho kabisa. Ukikigonga, umeuhamisha mkazo. Mwimbaji akiivuta irabu ya mwisho mapigo manne, "kata" imekuwa "kataa": kisu kimegeuka ubishi. Pigo likiangukia silabi ya pili ya "barabara" badala ya ya tatu, njia ya magari imegeuka sifa ya kazi safi. Mama aliyekulia kwenye taarabu anaguna, nanyi mnasema haelewi jazi. Jazi kaielewa, ninyi ndio hamjalielewa shairi. Dawa yake: pigo kubwa liwe silabi moja kabla ya kina, kina kidondoke polepole toazi ikiwa bado inavuma. Mkitaka kurefusha, refusheni hiyohiyo ya kabla ya mwisho.

3. Saksofoni iingie kwenye pumziko la katikati ya mshororo, baada ya mizani ya 8. Saksofoni ya teno ikilia sambamba na sauti ya mwanamume, maneno yanazama. Ipandisheni noti za juu au inyamaze.

4. Si lazima kuimba. Bendi ya jazi huru New York Art Quartet walipomrekodi mshairi wa Marekani Amiri Baraka mwaka 1964, yeye alisoma tu, bendi ikafanya yake. Ila shairi lake halikuwa na vina vya kulinda. Lenu linavyo.

5. Kibwagizo kibaki kilekile. Badilisheni muziki ulio chini yake.

6. Bango lisiandikwe "Jazz" peke yake. Mjini hapa, tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz, neno hilo ni dansi. Watu watakuja na viatu vya kuchezea.